Mistari ya Mkono wa Kushoto

Mama yangu mzazi anasukwa kwa Mama Vioo. Nalisema mwenyewe kabla hujalisikia mtaani, maana mtaani wanalitia chumvi. Mimi nina saluni, tena saluni yenye viti vitatu, masinki mawili na wateja wanaosubiri hadi barazani. Ng'ambo ya barabara yupo Mama Vioo, ambaye amebandika vioo ukuta mzima ili vichwa viwili vionekane ishirini. Na mama yangu, aliyenizaa na kunifundisha kazi, huvuka barabara mbele ya macho yangu, kitana chake mkononi, akaenda kumwinamishia jirani kichwa.

Kama hujawahi kula kwa kazi ya mikono yako, huwezi kuujua uchungu wake. Ni kama mpishi ambaye mama yake anakula hotelini. Wateja wangu huacha kupiga soga wanapomwona akipita, mmoja hukohoa, na mimi huongeza sauti ya redio.

Sababu ni mkono wangu. Mimi ni shoto. Mama aliwafundisha nusu ya wasusi wa mji huu, na wote aliwafundisha njia moja: anzia sikio la kushoto, mistari ilale kuelekea kulia. Mimi naanzia kulia, na mistari yangu inalala kushoto. Alijaribu kuninyoosha. Alinifunga mkono wa kushoto kwa kitambaa, akanipa kitana mkono wa kulia, nikasuka viota ambavyo hata ndege asingekubali kutagia. Kisha siku moja, nikiwa bado mwanafunzi wake, bibi harusi niliyemsuka alijitazama kwenye kioo, akaona nywele zake zimelala upande tofauti na za dada zake wote, akaangua kilio. Mama alifumua kichwa kizima akakisuka upya bila kuniambia neno.

Tangu siku hiyo hajaniruhusu kugusa kichwa chake. Nilifungua saluni yangu, nikapata jina, watu wakaanza kuvuka mji kuja kuitafuta mistari ya Mashoto, jina walilonipa wao, kwa sababu haifanani na ya mtu mwingine. Mama alipokuja kuiona hiyo saluni mara ya kwanza, aliisifu rangi ya mlango.

Sasa, mdogo wangu. Tunamwita Udongo, kwa sababu tangu utotoni hajawahi kupita penye tope bila kufinyanga kitu. Yeye ni mchongaji. Na mji wetu ni mji wa sanamu: zipo kwenye mizunguko ya barabara, zipo mbele ya mahakama, na ipo bustani nzima ya sanaa ambamo vyuma na mawe vimesimama kwenye nyasi kama wageni waliofika mapema. Mwaka huu Udongo alipewa kazi ya kutengeneza sanamu ya bustani mpya nyuma ya maktaba. Akaamua kutengeneza mwanamke anayesukwa. Ameketi kwenye kigoda, ameinamisha kichwa, na macho yamelegea kwa ule usingizi unaompata mteja mikono ikishaingia kichwani. Nyuma yake hakuna msusi. Lipo benchi tupu, la shaba kama yeye, ili mpita njia yeyote aketi hapo, aweke mikono kichwani mwa yule mwanamke, awe yeye ndiye msusi.

Wazo zuri. Lakini nywele! Siku aliyoniita karakanani kuliona umbo la udongo, nilicheka hadi nikashika mbavu.

"Huyu umemsuka na nini, na uma?"

"Dada, nimezichonga hizo nywele hadi vidole vimekufa ganzi."

"Ndiyo maana. Nywele hazichongwi. Hebu sogea."

Nilichukua kamba za pamba, tukazichovya kwenye nta ya moto, nikaketi nyuma ya yule mwanamke na kumsuka kama ninavyomsuka mteja yeyote, mstari kwa mstari, hadi kwenye kisogo. Niliifanya kazi hiyo siku za Jumatatu, saluni inapofungwa. Hata sikufikiri juu ya upande. Niliyajua mambo mawili tu, kwamba nta ikipoa inakatika na kwamba kichwa hiki hakitalalamika kuwa namvuta. Udongo akatengeneza kalibu, shaba ikamiminwa, na mistari yangu ikatoka vilevile nilivyoipanga, kila pindo mahali pake. Nilipoiona niligeukia ukutani nikalia. Sioni haya kusema: nilijivunia mpaka kifua kikauma.

Udongo alitaka kuliandika jina langu kwenye kibao, chini ya lake. Nikakataa.

"Mama akilisoma jina, atasifu jina," nilimwambia. "Mimi nataka aisome kazi. Usimwambie kitu. Akiutambua mkono wangu mwenyewe, nitamwomba aje akae kwenye kiti changu. Asipoutambua, basi, aendelee kuvuka barabara, na sitalalamika tena maishani mwangu."

"Na akisema hizo nywele ni mbaya?"

"Hapo nitahama mji."

Udongo alicheka, mimi sikucheka.

Siku ya uzinduzi goti la Mama lilikuwa limevimba, hakuweza kwenda. Akalala kitandani akipokea simu za pongezi kana kwamba yeye ndiye aliyeikoroga hiyo shaba. Goti lilipopoa, nilimwambia twende tukaione kazi ya Udongo. Akakataa kwenda moja kwa moja.

"Siwezi kumpima mwanangu bila kuwaona wenzake," alisema. "Nipeleke kwanza kwa hizo sanamu nyingine. Ya kwetu iwe ya mwisho."

Asubuhi hiyo alitoka chumbani amevaa gauni lake la buluu na viatu vya kutembelea, na kichwani nywele zilikuwa mpya kabisa, zinang'aa mafuta. Jana yake alikuwa ameshavuka barabara.

"Siwezi kwenda kuiona kazi ya mwanangu na kichwa kama kichaka," alisema alipoyaona macho yangu.

"Na mimi kichaka hicho ningeshindwa kukifyeka?"

"Chukua mkoba wangu, twende."

Nikajikaza kisabuni. Nikauchukua mkoba, nikampa mkono, tukatoka.

Tulianza na jenerali wa mzunguko mkubwa, yule aliyepanda farasi. Watu wote huutazama upanga wake. Mama alivuka hadi kwenye nyasi, akamzunguka taratibu, kisha akatoa hukumu. "Farasi amechanwa vizuri sana. Lakini huyu bwana kofia imemshuka mpaka masikioni. Anaficha kipara." Hapo ndipo nilipotambua kwamba Mama hakutoka kuangalia sanamu. Alitoka kuangalia vichwa. Miaka yote hiyo ya kazi imemfanya asione kingine, na sijui kwa nini nilishangaa, maana mimi mwenyewe simtambui mteja wangu yeyote kwa sura nikimwona amevaa kofia.

Mbele ya mahakama anasimama yule mwanamke mwenye mizani, macho yamefungwa kitambaa. Mama alimsikitikia. "Aliyemfunga hicho kitambaa hakujali nywele hata kidogo. Ona zilivyobanwa hapo nyuma. Kesho ataamka na kichwa kinamuuma." Wakili mmoja aliyekuwa akishuka ngazi na mafaili yake alimsikia, akatabasamu. Huyo hakujua anajiingiza wapi.

"Mwanangu ni mchongaji," Mama alimwambia, na hakuna aliyemwuliza. "Ndiye aliyetengeneza ile ya nyuma ya maktaba. Umeiona?"

"Bado, Mama."

"Bado! Unapita hapa kila siku, maktaba iko pale, na bado? Sasa unafanya nini na maisha yako?"

Wakili akaahidi kwenda siku hiyo hiyo. Kisha kwa adabu akanigeukia mimi, niliyesimama pembeni na mkoba. "Na huyu ni nani?"

"Huyu ni dada yake mchongaji," Mama akajibu.

Dada yake mchongaji. Nimekula chumvi ya kutosha kujua kwamba hilo si tusi. Kweli mimi ni dada yake, na ninampenda, na nilipomwona Mama amevimba kichwa kwa ajili yake nilivimba pamoja naye. Lakini lilinichoma. Nilikumbuka wateja wangu wote, harusi zote nilizosuka, na nikajiona nimesimama hapo kama mpagazi wa mkoba.

Bustani ya sanaa tuliizunguka polepole kwa sababu ya goti. Yupo ndege aliyeundwa kwa vijiko, ambaye Mama alimpenda sana ila akauliza watu wa nyumba hiyo sasa wanakulia nini. Lipo jiwe kubwa lenye tundu katikati, naye akachungulia upande huu, akanituma nichungulie upande wa pili, tukatazamana kupitia humo kama watoto. Halafu tukafika kwenye rundo la vyuma vilivyojipinda na kuzongana, virefu kuliko nyumba, ncha zake zimechomoza huku na huku.

"Na hii ni nini?"

Nikasoma kibao. "Inaitwa Safari, Mama."

Aliitazama kwa makini, akainamisha kichwa kulia, akakiinamisha kushoto. "Hii ni kichwa kilichofumuliwa nusu, msusi akapigiwa simu."

Nilicheka hadi nikaketi kwenye nyasi. Yeye pia akacheka, akashuka akaketi kando yangu huku ameshikilia bega langu. Nikatoa chungwa mkobani nikaanza kulimenya.

"Hata chungwa unalimenya kwa kushoto," akasema.

"Kwani utamu unabadilika?"

Alinyoosha kiganja kupokea kipande, akala, akakinyoosha tena. Baadaye akatazama kote, vyuma na mawe na yule ndege wa vijiko akimeta juani, akasema kwa sauti ya mtu anayejisemea: "Sikujua mji wetu una mambo mazuri hivi. Na kila moja kuna mtu lilimtoa jasho." Nikaona ananyoosha mgongo. Mama hujivunia hata mvua ikinyesha vizuri, almradi imenyesha kwetu.

Tulifika nyuma ya maktaba jua likiwa bado kali. Udongo alikuwa langoni, amezitafuna kucha zote. Ndani, watu walikuwa wamepanga foleni wakisubiri kupiga picha kwenye lile benchi: wapenzi, wanafunzi wa chuo, mzee mmoja mwenye fimbo aliyekuwa akitaka na yeye awe msusi kabla hajafa. Na katikati yao, kwenye kigoda chake, yule mwanamke wa shaba alisinzia bila wasiwasi wowote.

Mama alisimama. Alimtazama yule mwanamke usoni, akatazama mikono yake iliyolegea mapajani, akatazama nyayo zake. Kisha akamvuta Udongo shavu kwa nguvu mpaka Udongo akapiga kelele.

"Umewazidi," akasema. "Umewazidi wote. Yule jenerali ashuke kwenye farasi."

Udongo akamkumbatia, na mimi nikawakumbatia wote wawili, na kwa muda nilisahau kabisa shida yangu. Kisha Mama akajifuta macho, akaielekea foleni. "Samahanini wanangu, naomba nafasi. Mimi ni mama wa mchongaji." Watu wakampisha, mzee wa fimbo akampigia makofi, na Mama akaketi kwenye benchi la shaba kama mtu aliyerudi kazini.

Alisugua viganja vyake pamoja. Hakuwa na mafuta, lakini hivyo ndivyo alivyokuwa akianza siku zote. Nilisimama hatua chache tu kutoka kwake. Akaviweka vidole kwenye kichwa cha yule mwanamke, na kwa mazoea vikaenda moja kwa moja kwenye sikio la kushoto kuutafuta mwanzo.

Mwanzo haukuwa hapo. Hapo palikuwa na mwisho wa mstari.

Vidole vikasimama. Nilimwona anakunja uso. Akavihamisha taratibu hadi sikio la kulia, akaukuta mwanzo, akaanza kuufuata. Alifuata mstari wa kwanza hadi mwisho wake. Alirudi, akafuata wa pili. Akafumba macho, akaendelea na wa tatu, dole gumba likipita juu ya kila pindo, na mimi nilitamani ardhi inimeze, na papo hapo nilitamani asiache.

"Udongo," akaita bila kufumbua macho.

"Naam, Mama."

"Nani alisuka hapa?"

Udongo akanitazama. "Mama, sanamu ni yangu mimi..."

"Sijauliza sanamu, nimeuliza nywele. Wewe hujawahi kusuka hata mwanasesere." Akafumbua macho. Hakumtazama Udongo, alinitazama mimi. "Njoo hapa."

Nikaenda. Nina watoto wa kuzaa, nina saluni, nina watu wanaonitegemea, na nilikwenda kama mtoto aliyeitwa na kitana.

"Huyu bibi amesukwa kushoto," Mama akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Kichwa kizima."

"Kichwa kizima."

Akautazama tena ule mstari uliokuwa chini ya kidole chake. "Hakulia?"

Nilijua anamsema nani. Yule bibi harusi hatukuwahi kumtaja hata siku moja, mimi na Mama.

"Huyu anasinzia, Mama," nikajibu.

Akatikisa kichwa, midomo ikamcheza, nikadhani anataka kucheka, kumbe hapana. "Nilidhani utajirekebisha," akasema. "Miaka yote nilingoja ujirekebishe."

"Nilijaribu. Ulikiona nilichokuwa nasuka."

"Nilikiona." Sasa akacheka kweli, na machozi yakamtoka humo humo. "Ungejirekebisha, leo ningekishika kichwa hiki na nisingekujua."

Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwomba. Nilikuwa nimeyapanga kwa wiki nyingi, ya heshima, yaliyonyooka, na hakuna hata moja lililotoka. Wala hakuningoja. Aliinuka kwenye benchi, akanisukumia hapo, nikakaa alipokuwa amekaa yeye, kisha akamshika Udongo bega na kuanza kushuka chini, kando ya yule mwanamke wa shaba, goti likimlalamikia. Udongo alivua koti lake haraka akamtandikia. Mama akajisogeza nyuma mpaka mabega yake yakaegemea magoti yangu, akainamisha kichwa. Sasa walikuwa wawili hapo chini, mmoja wa shaba na mmoja wa kwangu.

Sijawahi kukiona kichwa cha mama yangu kutoka upande huo. Nywele zake zimekuwa nyeupe karibu na shingo. Sikuwa nikijua.

Askari wa bustani akaja mbio. "Samahani, Mama, hapa hapasukiwi watu."

"Na huyu wa shaba," Mama akasema bila kuinua kichwa, "amekuja kunyoa?"

Foleni nzima ikavunjika mbavu. Askari alimtazama yule mwanamke wa shaba, akamtazama Mama, akajikuna, mwisho akaenda kuwaambia watu wasogee kidogo wasituzibe hewa. Mama mmoja aliyekuwa mbele kwenye foleni aliinama na simu yake mkononi. "Samahani mwenzangu, tukupige picha? Wewe ndiye yule mama wa mchongaji?"

"Mchongaji ni yule pale anayelia," Mama akamjibu. "Mimi ni mama wa msusi."

Nilisikia, na watu wote walisikia. Nikalishika fundo la kwanza la Mama Vioo, pale kwenye sikio, nikalizungusha mara mbili bila kulifungua.

"Mbona unalipapasa tu?" Mama akaninong'oneza kutoka chini. "Watu wanangoja benchi lao. Fumua."